Orodha Ibaki Nchi Kavu

Shangazi yangu aliitika shikamoo bila kuliacha karai. Alimgeuza sato upande wa pili, akafuta mkono kwenye kanga, akanipa simu yake.

"Marahaba, baba. Zimo humo zote ulizonirushia. Mimi sifuti kitu."

Ndilo lililonileta Busisi Jumamosi ile: kuzifuata picha zangu mwenyewe.

Safari yenyewe siku hizi ni fupi. Kutoka Nyegezi gari linapita Usagara, linakata kulia kuelekea Kigongo, na ukizubaa na simu yako unakuta umeshavuka Ghuba ya Mwanza. Daraja la J.P. Magufuli, urefu wake kilomita 3, lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya siku hiyo, mtu wa kwenda Sengerema, Geita au Bukoba kwa njia hii alisimama Kigongo akisubiri kivuko. Abiria walishuka kwenye basi, wakaingia chomboni kwa miguu, basi likaingia peke yake, na ng'ambo kila mtu akalitafuta basi lake. Foleni ikiwa ndefu, saa mbili zilikatika hapo. Busisi, gati la ng'ambo ya Kigongo, iliishi ndani ya saa hizo: samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, vijana wa mizigo, watoto wa kuuza maji. Daraja ni neema, na mgonjwa wa usiku wa manane hasubiri tena chombo. Ila maisha yale ya gatini yamepita, na kamera yoyote itakayokuja leo haiwezi kuyapata.

Mimi nilikuwa nimeyapata. Siku chache kabla ya ufunguzi nilivuka kwa kivuko mara nne ndani ya siku mbili, kwa makusudi, nikiwa na kamera na kinasa sauti. Nilipiga picha 612. Nilirekodi honi ya chombo, mlango wa chuma ukishuka kwenye zege, sauti za wachuuzi, na mzee mmoja aliyenisimulia jinsi alivyovuka hapo na ng'ombe wa mahari ya mkewe.

Usiku wa pili nilirudi Nyegezi memori kadi ikiwa imejaa na laptopu ikiwa na nafasi ndogo. Kesho yake nilihitaji kadi ileile kwa kazi nyingine. Nikachomeka diski yangu ya nje, iliyokuwa tayari na kazi zangu za miaka sita, nikachagua kila kitu kwenye kadi, nikabonyeza "kata", nikabandika kwenye diski. Sikubonyeza "nakili". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo makala hii yote. Ukinakili, cha zamani kinabaki mahali pake hata kipya kikiharibika. Ukikata, kompyuta inafuta kule kila inapomaliza kuandika huku, na kwa muda wote huo mali yako ipo mahali pamoja tu.

Mstari wa kijani ulikuwa umefika kama robo tatu umeme ulipokatika. Betri ya laptopu ilikuwa imechoka zamani, haikai hata dakika moja. Umeme uliporudi, diski haikufunguka. Badala yake kompyuta iliniuliza: diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, nifomati? Ilikuwa saa nane ya usiku. Nikajibu ndiyo. Kisha, kwa kutaka kujihakikishia kwamba diski bado inafanya kazi, nikaijaza mafaili mengine juu yake.

Fundi wa mjini niliyempelekea alifanya alichoweza. Alinirudishia vipande: picha ambayo nusu yake ya juu ni nyuso za watu na nusu ya chini ni kijivu kitupu. Faili za sauti hazikufunguka hata moja. Yule mzee na ng'ombe wake wa mahari hawapo tena. Kwenye kadi zilibaki picha za mwisho, za jioni, giza limeshaingia. Fundi aliniambia jambo ambalo ningelijua kabla ningeokoa mengi: diski ikigoma, usifomati, usiandike chochote juu yake, ichomoe na uiache kama ilivyo. Data nyingi bado huwa zimo, isipokuwa ramani yake imevurugika. Anayeandika juu yake ndiye anayezizika.

Na kulikuwa na zile picha 37 nilizomrushia shangazi. Siku ile ya kivuko, shangazi alikuwa ameniambia, "Nirushie na mimi, nione nimetokaje." Nikamtumia kwa WhatsApp palepale gatini, bila kufikiri zaidi ya kumfurahisha. WhatsApp huzibana picha, hupunguza ukubwa wake, hivyo si picha kamili. Lakini zipo. Yeye na karai lake, nyuma yake mlango wa kivuko umeshushwa, basi linatoka, abiria wanakimbia kuliwahi.

Nimekuwa nikiwaza tangu wakati huo kwamba watu wa ziwa hili hatukupaswa kufundishwa jambo hili na kompyuta. Tulishafundishwa kwa namna chungu zaidi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki walizidi 220. Katika siku zile za kwanza, ndugu wakiwa wamejaa ufukweni, swali jepesi kuliko yote halikuwa na jibu: ndani walikuwamo wangapi? Ilielezwa kwamba mkatisha tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki, na mashine iliyotunza hesabu ya tiketi ilipotea. Rejesta ilikuwa imepanda chombo kilekile na watu iliowahesabu.

Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, na ukienda makaburi ya Igoma unasimama mbele ya msiba ambao hesabu yake kamili haimo kwenye karatasi yoyote. Sisemi kwamba orodha ingemwokoa mtu. Nasema kuna mama ambaye angejua kwa hakika kama mwanawe alipanda au hakupanda.

Mabaharia wa dunia waliliona jambo hili. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa kifupi chake SOLAS, ambao chimbuko lake ni ajali ya Titanic ya mwaka 1912, unataka watu wote wahesabiwe kabla meli ya abiria haijang'oa nanga, na taarifa zao zitunzwe nchi kavu, mahali ambapo waokoaji watazipata mara moja. Uliandikwa kwa ajili ya safari za kimataifa, haukuandikwa kwa vivuko vya visiwani. Lakini akili yake inaenea kila maji: orodha haisafiri na chombo. Inabaki nchi kavu.

Nikiulizwa nakala ya akiba ni nini, sina maelezo bora kuliko hayo. Kiswahili chenyewe kina neno zuri ambalo wataalamu wa istilahi za kompyuta walilichukua: chelezo. Watu wa Mwanza tunalijua kutoka bandari ya Kusini, pale meli zinapojengwa na kutengenezwa. Maana yake nyingine, ya zamani, ni kitu kinachoelea majini kikawa alama, yaani boya. Chombo kikienda chini, boya linabaki juu, na kwa hilo boya unajua pa kutafuta. Lakini boya lililofungwa ndani ya chombo halimfai mtu.

Sasa twende mezani, maana jambo hili hufanyika mezani.

Juu kidogo ya barabara, Busisi ina duka la stesheni kama yalivyo maduka ya stesheni ya kila mji mdogo wa nchi hii: kuchapa barua, kutoa kopi, picha za pasipoti, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi, kurusha nyimbo kwenye simu. Dada mwenye duka alinikaribisha kwa salamu ya mwangaluka ya uchangamfu na kunipisha kona ya meza yenye soketi. Nilikuwa na vitu vya aina tatu: simu ya shangazi, laptopu yangu (betri mpya, niliinunua kwa uchungu), na diski mbili za nje.

Kwanza nilihakikisha laptopu imechajiwa na imechomekwa umeme, vyote viwili, ili kimoja kikikatika kingine kishike. Nikazuia isijizime wala kulala yenyewe, kwa sababu laptopu nyingi zimewekwa zilale baada ya dakika chache za kutoguswa, na kunakili kunaweza kuchukua saa nzima bila mtu kugusa kitu. Kisha nikatumia waya kutoka kwenye simu, nikanakili, nikaacha zile za kwenye simu zilivyo. Nikafungua folda mpya kwenye diski ya kwanza, nikaipa jina linaloanza na mwaka, mwezi na tarehe, ili miaka kumi baadaye mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano.

Picha 37 zilipita kwa sekunde. Mstari ulijaa, dirisha likajifunga, mkono wangu ukaenda kwenye waya.

"Kaka, usichomoe," dada alisema kutoka upande wa pili wa meza, jicho lake likiwa kwenye diski. "Taa bado inacheza."

Alikuwa sahihi kabisa, na ningependa kila mwenye kompyuta awe na jicho hilo. Mfumo wa kompyuta, ili usikucheleweshe, unaweza kukwambia kazi imekwisha huku sehemu ya data bado imo kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikisubiri zamu ya kuandikwa kwenye diski. Ni kama mpakuaji anayekwambia mzigo umeshuka wakati magunia mawili bado yako mabegani mwa vijana. Ukichomoa hapo, magunia yanaanguka majini. Ndiyo maana pembeni ya saa ya kompyuta kuna alama ndogo ya kuondoa kifaa kwa usalama. Ukiibonyeza, kompyuta inashusha kilichobaki, inafunga madaftari, kisha inakwambia sasa unaweza kuchomoa. Ni kweli kwamba Windows 10, tangu toleo la mwishoni mwa 2018, imepangwa isiache data zikisubiri hivyo kwenye vifaa vya kuchomeka. Lakini mpangilio huo hubadilishwa, kompyuta za zamani bado ni nyingi, na hakuna mpangilio unaomlinda mtu anayechomoa kazi ikiendelea. Bonyeza alama hiyo. Ikikwambia kifaa bado kinatumika, funga kila dirisha ulilofungua kutoka kwenye diski, ujaribu tena. Ikikataa kabisa, zima kompyuta kwa utaratibu wake, uchomoe ikiwa imezimika.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi, na bila hilo mengine yote ni matumaini: nilikagua. Nilichomeka diski upya, nikabonyeza folda kwa kitufe cha kulia, nikaangalia idadi ya mafaili na ukubwa wake kwa baiti. Namba za kule na huku zilikuwa sawa. Kisha nikafungua picha yenyewe, siyo kijipicha chake kidogo, kwa sababu kijipicha kinaweza kuonekana vizuri wakati picha kubwa imekatika. Nikafungua ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Kwa mambo mazito, kama hesabu za ushirika au rekodi za zahanati, kuna njia ya uhakika zaidi: programu inasoma faili yote na kutoa mfululizo wa herufi na namba, kama alama ya kidole ya faili hiyo. Ikibadilika hata herufi moja ndani ya faili, alama inakuwa nyingine kabisa. Windows ina amri yake ya kufanya hivyo, inaitwa certutil, na kijana yeyote wa chuo anayesoma kompyuta atakuonyesha kwa dakika tano.

Nikarudia kila kitu kwa diski ya pili.

Dada wa stesheni aliniuliza swali la haki: kwa nini mbili, kama ya kwanza imeshakaguliwa? Kwa sababu diski hufa. Diski nyingi za nje za bei nafuu zina sahani ndani inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Idondoke kutoka mezani ikiwa inazunguka, kichwa kinagusa sahani, na utasikia mlio wa ka-ka-ka ambao mafundi wanaufahamu na hawaupendi. Usiihamishe ikiwa inafanya kazi. Ukisafiri nayo kwa bodaboda, iwe imezimwa na imefungwa kwenye nguo. Zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani, pamoja na flashi, zinavumilia kuanguka, ila nazo zina udhaifu wao: zinahifadhi data kwa chaji ndogo ya umeme, na zikiwekwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa chaji hiyo inaweza kupungua mpaka data zikapotea. Hakuna diski ya milele. Kila baada ya miaka michache data zihamie kwenye diski mpya, na ya zamani ibaki kuwa nakala ya ziada.

Kuhusu flashi lazima niseme neno kali. Huuzwa flashi na diski ndogo zilizoandikwa terabaiti 2 kwa bei ambayo haiwezi kununua hata kopo la rangi. Nyingi ni uongo. Ndani ina nafasi ndogo, lakini imetegwa iidanganye kompyuta kwamba ni kubwa. Unaijaza, majina ya mafaili yanaonekana yote, siku ukiyafungua unakuta ni matupu, maana mapya yaliandikwa juu ya ya zamani. Kuna programu za bure za kupima, kama H2testw kwa Windows na F3 kwa mifumo mingine. Zinajaza kifaa kizima kisha zinakisoma tena. Pima kabla hujakikabidhi kitu. Mtu anayemuuzia bi harusi flashi ya namna hiyo kwa video ya harusi yake anamwibia siku isiyorudi.

Na kuna virusi. Wadau wa stesheni wanakijua vizuri kile kinachogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato: unachomeka flashi, unakuta kila kitu kimekuwa alama yenye mshale. Mara nyingi data zenyewe huwa zimefichwa tu na hupatikana, ila kuna vingine vibaya zaidi, vile vinavyofunga mafaili yako yote na kudai fedha, kama WannaCry iliyozunguka dunia Mei 2017. Programu ya namna hiyo haibagui. Diski ya akiba ikiwa imechomekwa wakati huo, nayo inafungwa. Kwa hiyo diski ya akiba haitembei madukani, haiazimwi mtu wa kuwekea filamu, na haikai imechomekwa kutwa. Chomeka, nakili, kagua, ondoa, weka. Ya kuzunguka nayo stesheni iwe flashi nyingine ambayo hata ikipotea hulii. Nilikiri kwa dada yule kwamba kuja na diski zangu mbili dukani kwake kulikuwa kosa, japo kompyuta iliyotumika ilikuwa yangu. Alikubali bila kununa. Anaijua kazi yake.

Jambo jingine dogo linalowasumbua watu wa video: diski ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo tele. Harusi ya saa tatu itagoma katikati na mtu atadhani diski imekufa. Mfumo wa exFAT unaondoa kikwazo hicho na unasomeka kwenye Windows na kwenye Mac. Lakini kufomati kunafuta kila kilichomo, hivyo hilo lifanyike siku diski ikiwa mpya na tupu.

Wapo wanaoniambia hayo yote ni ya zamani, kila kitu sasa kiko mtandaoni. Nami natumia hifadhi ya mtandaoni na ninaipenda. Lakini nimeona watu wengi wakichanganya kuhifadhi na kusawazisha. Simu iliyosawazishwa na akaunti ya mtandaoni ni kitu kimoja chenye milango miwili: ukifuta picha huku, na kule inafutika. Na bando nalo lina bei. Kupandisha gigabaiti 200 za harusi na misiba ya ukoo kwa bando la simu si jambo la kumwambia mtu wa kawaida wa Busisi alifanye kila wiki. Diski mkononi bado ina nafasi yake.

Wapigapicha wana kanuni yao: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo uzito wa jambo lote. Mwaka 1998 studio ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mtu mmoja akaendesha amri ya kufuta mahali pasipostahili, wahusika wa filamu wakaanza kutoweka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Walipoikimbilia nakala ya akiba wakakuta haikuwa ikifanya kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa ameipima. Filamu iliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na kwa sababu hiyo akafanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Walikwenda kuichukua, wakaifunga kwa mablanketi ndani ya gari.

Mablanketi! Ndivyo nilivyoirudisha simu ya shangazi siku ile, ndani ya kanga yake.

Ukubwa wa taasisi haumkingi mtu. Septemba 2025 moto uliteketeza sehemu ya kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na hifadhi waliyotumia watumishi wa umma kuwekea kazi zao, terabaiti 858, ikapotea, kwa sababu haikuwa na nakala nje ya jengo. Ilionekana ni kubwa mno kunakiliwa. Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko nyingi duniani iliiweka rejesta ndani ya meli.

Sasa tazama kilichomo kwenye kompyuta na simu za mji kama Busisi. Daftari la kikoba, lililoanza kwa kalamu na sasa liko kwenye Excel ya katibu. Alama za wanafunzi kwenye laptopu ya mwalimu wa taaluma. Majina ya waliobatizwa na waliofunga ndoa. Picha za nyumba na miti zilizopigwa siku za kuthamini mali kupisha ujenzi, ambazo mwenye mali huenda akazihitaji tena akidai haki yake. Wosia alioutamka baba kwa sauti kwenye simu. Karibu vyote hivyo viko kwenye kifaa kimoja, mikononi mwa mtu mmoja, anayepanda bodaboda kila siku.

Nakala za kikoba, shule au zahanati zina siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza azilinde. Kwa hiyo diski ya namna hiyo ifungwe kwa nywila. Na nywila isibaki kichwani mwa katibu peke yake. Iandikwe, itiwe bahasha, ikabidhiwe mweka hazina au mtu mwingine anayeaminika. Nimeona kikundi kikishindwa kufungua hesabu zake baada ya katibu kufariki ghafla, na mjane akisumbuliwa kwa neno asilolijua.

Tulipomaliza, niliirudisha simu kwa mwenyewe. Wateja walikuwa wachache kuliko enzi za foleni, naye amehamishia karai karibu na barabara, mahali magari yanapopunguza mwendo. Nilimpa diski moja, nimeiweka kwenye mfuko usioingiza maji, nikamwomba anitunzie. Akauliza aiweke wapi. Nikamwambia mahali pakavu, mbali na jiko, mbali na watoto. Akaiweka sandukuni, chini ya kitenge chake cha sherehe, pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ubatizo cha marehemu mjomba.

Ya pili nilirudi nayo Nyegezi. Kati yao kuna ghuba.

Msomaji, kama uliwahi kuvuka Kigongo na Busisi kwa kivuko na una picha hata moja kwenye simu yako ya zamani, ichaji simu hiyo wikiendi hii. Nakili picha hiyo, usiikate. Ifungue uione. Kisha mpe ndugu anayekaa ng'ambo nyingine akutunzie nakala.